Drili ya Wageni

Karatasi ya daktari ilikuwa moja tu, lakini maneno yake yalikuwa mazito kuliko dada yangu mwenyewe, na dada yangu si mwepesi. Ilisema mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga ataruhusiwa kutoka Ijumaa, ikiwa nyumba anayokwenda ina vishikio vinne vya ukutani: viwili chooni na viwili kwenye ujia wa kwenda chooni. Alhamisi nesi angekuja kuvikagua. Asiporidhika, mgonjwa apelekwe kwa ndugu mwingine.

Ndugu mwingine ni mke wa mwanawe. Dada na huyo mkwewe hawajawahi kugombana, kwa sababu ugomvi unataka watu wawili wakae chumba kimoja. Nilipomsomea karatasi pale wodini alivuta shuka mpaka kidevuni.

"Mdogo wangu," akasema, "ama kwako, ama nibaki hapa hapa ninywe uji wao mpaka Mungu anikumbuke."

Nikamwahidi kwangu. Tangu mume wangu atangulie, huu mwaka wa sita, dada ndiye ninayesali naye asubuhi, na ndiye anayenikosoa kutoka hapo mpaka jioni. Wiki tatu alizokuwa wodini nyumba ilipoa. Nilianza kujikosoa mwenyewe, lakini mkono wake sina.

Wa kuweka vishikio alikuwa mkwe wangu. Yeye na binti yangu wanakaa kwangu. Ni karani wa bohari, mpole, mtaani wanamwita Sentimita kwa kuwa hawezi kukiona kitu akakiacha bila kukipima. Siku ya kwanza alipoletwa nyumbani alikaa kwenye kochi letu, akatulia kidogo, akasema, "Hili limelala upande wa kulia." Mume wangu alicheka mpaka akakohoa, akaniambia jikoni kwamba huyu hatamdanganya binti yetu, maana hajui hata kuanza.

Kupima, basi, kulikuwa na mwenyewe. Kutoboa ndiko kulikokosa mtu na kifaa. Gereji marehemu alimokuwa akilaza gari ilibaki na meza ya mbao, msumeno wa mkono na harufu ya oili. Kuta zetu ni za zege. Msumari ukiugonga pale unakurudia usoni.

Jumatatu tukaenda duka la vifaa vya ujenzi watu watatu: mimi, Sentimita, na shemeji yangu, mdogo wa marehemu, mchomeleaji aliyestaafu na ambaye hajaacha kutoa ushauri. Muuzaji hakungoja tuseme. Alishusha sanduku la manjano, akalifungua mbele yangu kama anayefunua sufuria.

"Mama, hapa una gereji nzima. Drili, msumeno wa umeme, grainda, tochi. Vipande mia na nane."

"Vipande vya nini?" nikauliza.

"Vya kila kitu, Mama."

Sentimita alikuwa ameshaanza kuvihesabu kwa midomo. Shemeji akasogea, akainua drili ya mle sandukuni kwa vidole viwili.

"Kijana, hii ukiiwasha inanyoa ndevu?"

"Baba mdogo, usidharau," Sentimita akasema. "Ina kasi tatu."

"Kasi ya kwanza ni kuungua, ya pili kuungua vizuri."

Shemeji akaomba nyingine, iliyokuwa rafu ya juu kwenye boksi la kijivu lisilo na picha. Drili peke yake, bila tochi wala mbwembwe. Bei yake ilikuwa ya masanduku ya manjano mawili na kilemba juu. Muuzaji aliishusha bila kuisifia, na hilo ndilo lililonifanya niitazame. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nikaishika. Ilikuwa nzito, uzito umekaa katikati kama mtoto aliyelala. Nikamwambia muuzaji aziwashe zote mbili. Ya manjano ililia kama kijana anayeitwa kuosha vyombo, ikatetemeka mpaka tochi ikaanguka. Ya kijivu ikanguruma chini chini, kama mtu mzima anayesema nimekusikia.

"Hii," nikasema.

Shemeji akanipa mkono. Nilirudi nyumbani nimenyooka mgongo, kama mwanamke aliyechagua vema.

Sasa nitasema nilichofanya, na sitajificha. Nyumbani kwangu kuna sahani za kila siku na sahani za wageni. Kuna glasi za wageni, shuka za wageni, hata sabuni ya wageni, na ole wake atakayenawia. Mama yetu alitulea hivyo. Kitu kizuri hakianzi kwa kuchafuliwa. Basi nilipofika niliifuta ile drili kwa kitambaa laini, nikaiweka kwenye kabati la kioo juu ya sahani za wageni, nikaifunika kitambaa cha kufuma, nikafunga kwa ufunguo.

"Mama," binti yangu akauliza, "hiyo itatoboa ikiwa humo?"

"Ipumzike kwanza. Ndiyo imeingia nyumba ya watu."

Nilitegemea Sentimita abishe. Wapi. Alisimama mbele ya kioo mikono nyuma, akasema kwa heshima, "Ni kweli, Mama. Zege lina vumbi. Litaingia kwenye matundu yake ya hewa." Akatoka. Jioni akarudi amebeba sanduku la manjano.

"Hii ndiyo ya kazi," akasema.

Nikamsifu kwa busara yake. Binti yangu alitutazama wote wawili, akaenda zake jikoni kuchekea huko.

Jumanne walikuwa gerejini kukata mbao za vishikio. Msumeno wa manjano ulikata kama mtu anayesimulia safari: ulianza na jambo, ukaenda kulia, ukasahau ulikotoka. Swichi yake haikubaki chini mpaka ibanwe kwa njiti ya kiberiti. Vipande mia na nane navyo vilijulikana: tisini vilikuwa skrubu za ukubwa mmoja. Mwisho Sentimita alichukua msumeno wa mkono wa marehemu, akamaliza kwa jasho lake, na mbao zikatoka nzuri, laini, sawasawa.

Jumatano zamu ikawa ya ukuta. Nilikaa kwenye stuli mlangoni mwa choo nikiangalia. Chuma cha drili kilitelezea kwenye kigae kama mbuzi kwenye barafu, kikachora mstari mpaka dirishani. Aliposukuma kwa nguvu kikaingia urefu wa kucha, kikagonga zege, kikakataa. Moshi ukaanza. Harufu ikawa ya ndoo ya plastiki iliyosahauliwa jikoni.

Shemeji akaingia akipunga mkono puani. "Shemeji, mnachoma nini?"

"Tunatoboa."

"Mnatoboa au mnakausha?" Akaiona drili mkononi mwa Sentimita. "Na ile nyingine?"

Akafuata macho ya binti yangu mpaka sebuleni, nikasikia kochi likilia. Alikuwa ameketi anacheka bila sauti, machozi yanamtoka.

"Shemeji," akasema alipopata pumzi, "umenunua ng'ombe wa maziwa, ukamweka kabatini, unakamua paka."

"Ng'ombe ni wangu."

"Na dada ni wako."

Neno hilo lilinichoma, lakini nilikuwa nimeshapandisha kidevu, na kidevu changu kikipanda hakishuki siku ileile. Sentimita naye alipata njia yake. Matundu mafupi aliyajaza vijiti na gundi, akakaza skrubu humo, akapaka rangi juu. Kisha akaweka pimamaji juu ya kila kishikio na kuniita nione.

"Mama, tazama. Hakijainama hata kidogo."

Na kweli hakikuinama. Nilikivuta kwa vidole viwili. Vumbi jembamba likashuka nyuma yake kama unga kwenye chekecheke. Nililiona. Nikalifagia.

Alfajiri ya Alhamisi niliomba kwa ajili ya dada yangu, na kwa aibu nikaongeza ombi dogo, kwamba nesi awe mwembamba.

Alikuwa mwembamba. Alikuwa mwembamba hivi kwamba viatu vyake ndivyo vilivyosikika kwanza. Nikashukuru papo hapo, mapema mno. Aliukagua ujia, akaingia chooni, akapima urefu wa vishikio kutoka sakafuni, akamsifu Sentimita kwa kunyoosha. Sentimita akaona haya kama bwana harusi. Ndipo nesi akatoa kichwa dirishani, akaita, "Dereva, njoo."

"Dereva wa nini?" nikauliza.

"Mimi uzito wangu hausemi kitu, Mama. Napimia kwake."

Dereva aliingia kwa ubavu, maana mlango wetu haukumtosha akiingia kifua mbele. Alikuwa kama jokofu lililovaa shati. Alitusalimia kwa adabu, akakishika kishikio cha kwanza kwa mikono miwili, akainua miguu.

Hakukaa hewani. Kishikio, skrubu nne, vijiti, gundi na kipande cha ukuta chenye ukubwa wa mkate vilitoka pamoja naye, akakaa ndani ya beseni langu la kufulia. Maji yalikuwamo. Akabaki ameshika ubao wima mbele yake kama askari wa gwaride.

"Hakijainama," shemeji akasema kutoka mlangoni.

Nesi hakucheka. Alifungua faili lake, akatoa kalamu. "Mgonjwa ana ndugu mwingine. Niandike anakwenda huko?"

Nikamwona dada yangu kwenye kiti cha sebule ya mke wa mwanawe, amekunja mikono, hana wa kumkosoa wala wa kusali naye. Nikaona na kiti chake kwangu kikiwa kitupu. Kalamu ilikuwa imeshagusa karatasi.

"Subiri, mwanangu," nikasema.

"Mama, ukuta huu ni wa zege. Mna drili ya maana au hamna?"

Uongo siusemi. Ukimya ndio niliujaribu, lakini binti yangu alikuwa ananitazama, na Sentimita anatazama vidole vyake vya miguu.

"Ipo," nikasema. "Ila ni ya wageni."

Nesi akamgeukia dereva, anayechuruzika suruali nzima, kisha akanigeukia mimi. "Na sisi, Mama, tumekuja hapa kama nani?"

Nikaenda kabatini.

Nesi alisema ana nyumba mbili nyingine za kukagua mtaa wa pili, atarudi saa kumi, na hatarudi tena baada ya hapo. Tukapata muda wa saa tano. Sentimita aliipokea drili ya kijivu kwa mikono miwili, akaanza kutafuta kitambaa. Tundu la kwanza lilitoboka huku akiwa bado anajiandaa kusukuma. Drili ilinguruma, ukuta ukafunguka, vumbi jeupe likamwagika kwenye mikono yake. Akasimama kuipangusa. La pili, akaipangusa. La tatu likija nikamwambia, "Baba, acha kuipangusa. Toboa."

"Inaingia vumbi, Mama."

"Na iingie."

Ilibidi vishikio visogezwe kando, palipokuwa na ukuta mzima, na kila tundu la jana libaki linatutazama kama jicho. Shemeji alishika ekstensheni na kutoa maelekezo ambayo hakuna aliyeyaomba. Tundu la kumi na tatu niliomba nitoboe mwenyewe. Sikutaka kujionyesha, nilitaka kujua kama lile nililoliahidi lilikuwa limeshika. Nilibana meno, nikabonyeza, nikahisi chuma kikila zege polepole, bila papara, mpaka mwisho wake. Kufika saa tisa na nusu choo kizima kilikuwa cheupe, nasi pia.

Dereva aliporudi amevaa suruali ya kuazima, alisimama mlangoni mwa choo, hakuingia.

"Mara ya kwanza nilijitolea," akasema. "Sasa nataka kujua nani ametoboa."

"Mimi na mkwe wangu," nikasema. "Na beseni nimeliondoa."

Akaguna. Akashika, akafumba macho, akainua mguu mmoja, halafu wa pili. Akaning'inia. Hakuna kilicholia. Akafumbua jicho moja, akajitikisa kidogo. Akaenda cha pili, cha tatu, cha nne, na cha nne akakaa juu yake akimsimulia Sentimita habari za lango la kwake linaloburuza, mpaka nesi akamwambia, "Shuka, tumekuelewa," akatia sahihi.

Ijumaa kabla ya adhuhuri dada aliletwa. Hakutaka chai, hakutaka kukaa. Alitaka choo, na hakutaka kushikwa. Alisimama mwanzo wa ujia na fimbo yake ya hospitali, akaviangalia vishikio, akaangalia na matundu ya kando.

"Nani alikuwa anacheza vishale ukutani?" akauliza.

"Mkwe wako," nikasema.

"Mama mkubwa, yale ni ya majaribio," Sentimita akasema.

"Majaribio ya nini, ya kunipeleka kwa mke wa mwanangu?"

Akaushika ubao wa kwanza, kiganja kizima, akampa binti yangu fimbo. Akatembea. Hatua, pumzi, hatua. Mikono yangu ilikuwa hewani nyuma yake kama ya mtu anayefukuza kuku, naye bila kugeuka akaniambia niiteremshe. Akaingia, akafunga mlango.

Nikabaki ujiani, sikio ukutani. Nikamsikia akiketi. Kikapita kitambo. Nikasikia kiganja kikipiga ubao, na uzito wake wote, ule wa mama yetu na wa bibi yetu, ukiinuka kwa mkupuo mmoja. Nilisikiliza skrubu. Nilisikiliza ukuta. Havikusema neno.

"Nakusikia unavyopumua hapo," dada akasema kutoka ndani. "Nenda kaweke chai, na vumbi hili nani atalifagia?"

Nikaenda kuchukua fagio.