Goti la Kulia la Matonya

Daktari Khairat alilikunja goti la kulia la Matonya taratibu. Ndani mlikwaruza. Miezi mitatu ilikuwa imepita tangu amtoe damu katika kliniki hiyo ya Nzuguni, akaizungusha kwenye mashine, kisha akamchoma gotini sindano ya majimaji ya damu hiyo.

"Nimefuata yote, daktari. Sijagusa gunia. Bamia nimekula mpaka mke wangu kanichoka."

"Utelezi wa bamia haufiki gotini, mzee wangu."

"Na ile damu?"

"Ile ina vichocheo vya ukuaji. Vinaziamuru seli za gegedu, ile nyama nyororo ya mwisho wa mfupa, zitengeneze upya vitu vinavyoshika maji na kulifanya libonyee. Seli changa huitikia. Zikizeeka huitikia kidogo, nyingine hazisikii kabisa. Zako zimebaki chache."

"Nichome tena."

"Nitakuwa nakudanganya."

"Kwa hiyo anayeita yupo, wanaoitwa ndio hawapo."

Daktari akalinyoosha lile goti polepole.

Matonya aliposhuka basi Kibaigwa hakupitia nyumbani. Alikwenda moja kwa moja sokoni, alikopakia mahindi miaka thelathini na moja. Kikosi cha Lameck kilikuwa kinapandisha lumbesa kwenye lori, yale magunia yanayojazwa kupita kipimo mpaka yanaota kichwa.

"Bibi harusi huyo!" Lameck alipaza sauti. "Wamekutoa ndani?"

"Nitwike."

"Daktari kakuruhusu?"

"Tangu lini umekuwa mke wangu? Nitwike!"

Wakamtwika. Alipanda ubao wa kuingilia lorini, hatua ya kwanza, ya pili. Katikati, goti likakataa. Hakuanguka. Alisimama tu, gunia mgongoni, hawezi kupanda, hawezi kurudi, jasho likidondoka kwenye ubao. Nyuma yake watu wanne walisubiri na mizigo yao. Mmoja akaguna.

Lameck alipanda, akajiingiza chini ya gunia, akalichukua. Wengine wawili wakamshika Matonya mikono, wakamteremsha kama mgonjwa.

Akaketi juu ya mzani kungoja utani. Jibu alikuwa nalo tayari. Miaka yote hiyo yeye na Lameck walikuwa wakisalimiana kwa kutukanana, na umri haukuhesabiwa.

Lameck alirudi, akavua kofia.

"Shikamoo, mzee Matonya."

Ikambidi aitikie.