Tasnifu ya Vyoo vya Kumbharasahi

Profesa Bibhudatta Pattanaik alikuwa na kipaji kimoja tu, nacho ni kula kwa mgongo wa wanafunzi. Sauti nzito, miwani ya fremu za dhahabu na ukuu wa idara ya menejimenti katika chuo cha Baladipur alijaliwa ili kipaji hicho kisiende bure. Siku Lopamudra Sethi alipotetea tasnifu yake ya uzamivu, profesa alifika mapema kuliko siku zote, akapita mbele ya wageni bila salamu, akaenda kwenye meza ya chakula na kufunua sufuria ya dahibara, zile bajia za dengu zilizolowekwa kwenye mtindi.

"Dahibara zenyewe ndizo hizi tu?"

"Nyingine zinakuja, Profesa," Lopa alijibu.

"Mwanangu, mtahini wa nje anatoka mbali. Usiniaibishe. Shali ya kumvisha je? Ni hariri kweli, au zile za kumeremeta za sokoni?"

Mama yake Lopa, aliyeketi kiti cha mbele amevaa sari yake ya harusini, aliinua mfuko kuonyesha kwamba hariri ipo. Profesa akatabasamu. Utafiti ulikuwa umekamilika.

Tasnifu yenyewe ilihusu ubora wa huduma na uendelevu wa vyoo vya umma katika mtaa wa Kumbharasahi, ng'ambo ya ukuta wa chuo. Halmashauri ilijenga pale vyoo vipya, ikavipaka rangi ya kijani na kuviwekea sola juu ya paa, kisha ikavipiga kufuli. Lazima vifungwe, walisema wakubwa, maana vikitumiwa vitachafuka, na vikichafuka wakaguzi watavionaje? Funguo alikaa nazo diwani. Vilifunguliwa siku za ukaguzi na kupuliziwa marashi. Siku nyingine kimoja kiliwekwa saruji, kingine mbuzi. Wanawake wa mtaa waliendelea kwenda kwenye choo cha zamani cha matofali alichokitunza Mama Mdogo Kuni. Kilikuwa kibaya cha sura, lakini kilikuwa na maji na mlango unaofungwa kwa ndani, na mwanamke aliyetoka usiku hakuwa na haja ya kwenda kuchutama gizani kando ya reli.

Hayo Lopa aliyajua kwa sababu aliyauliza. Alizunguka mtaa mzima na hojaji zake, nyumba kwa nyumba, akayaandika kama yalivyosemwa, pamoja na nyota ambazo kila mkazi alivipa vyoo vipya, moja kati ya tano, akampelekea profesa. Profesa alisoma kurasa mbili akacheka mpaka kitambi kikatikisika.

"Haya ni malalamiko, binti. Utafiti una nyota. Nani atachapisha nyota moja, nyota moja, nyota moja? Na Bwana Jena wa mipango, pale halmashauri, ni rafiki yangu. Anataka kitu cha kutumia."

Basi waliketi bwenini, Lopa na wanafunzi wadogo wa idara, wakajaza hojaji mpya kwa kalamu za rangi tofauti ili zionekane zimetoka mikononi mwa watu mbalimbali. Profesa aliwaletea chai na bajia. Ndiyo mara pekee aliyowahi kuleta chakula. Lopa alimdharau mtu yule toka unyayoni hadi utosini, na bajia zake alizila. Umri wake ulikuwa unampita. Nafasi ya ualimu katika chuo cha wasichana ilimngoja daktari, na bila shahada hiyo angebaki kufundisha watoto wa majirani sebuleni kwa mama yake mpaka azeeke.

Angemeza yote hayo kimyakimya, kama wenzake walivyomeza yao. Lakini wiki iliyotangulia alipita Kumbharasahi akakuta ukuta wa choo cha Mama Mdogo Kuni umepigwa alama ya X nyekundu. Alimkimbilia Sangram Jena, ofisa mipango wa halmashauri, ofisini kwake.

"Kinabomolewa, dada," Jena alimweleza kwa furaha. "Wewe mwenyewe umethibitisha kwamba wakazi wamekihama. Tasnifu ikishapitishwa tu naiambatanisha, pesa zinatoka. Lakini iwe kabla ya mwisho wa Machi, la sivyo fungu lote linarudi serikalini na mpango unakufa. Hongera sana!"

Tangu siku hiyo Lopa hakupata usingizi wa maana. Mwishowe alikata shauri. Utetezi ni wa hadhara, kila neno linasikika. Angesema ukweli mbele ya mtahini, waikatae tasnifu, choo kisalie. Hata mama yake mwenyewe hakuambiwa.

Mtahini, Profesa Harekrushna Mishra, aliwasili akiwa na njaa ya safari. Kwa desturi mtahini hulishwa kwanza, na huyu alijua kulishwa. Alizifagia dahibara na viazi vyake vya pilipili, akanywa na mtindi uliobaki kwenye bakuli, akajifuta mdomo na kusema yuko tayari kwa elimu. Mwezi uliofuata Pattanaik angekwenda kumtahini mwanafunzi wa Mishra, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na wasiwasi.

Lopa hakufika mbali. Alikuwa bado kwenye picha za vyoo vya kijani pale Mishra alipoanza kujikunjakunja kitini, jasho likimtoka kwenye paji la uso.

"Samahani," alimnong'oneza Pattanaik. "Choo kiko upande gani?"

Pattanaik akababaika. Choo cha idara ya menejimenti, idara iliyokuwa na kituo kizima cha utafiti wa ubora wa huduma, kilikuwa kimeziba tangu sikukuu za mwaka uliopita.

"Tutakupeleka kile cha kijani, cha mfano," alisema. "Kipo hapa nyuma tu. Lopa! Mwonyeshe njia mgeni!"

Wakatoka watatu kwa mwendo wa kukimbia usiotaka kuonekana kukimbia. Kufuli la choo cha mfano lilikuwa kubwa na zuri. Ndani mbuzi alilia.

"Ufunguo uko wapi?" Mishra aliuliza kwa sauti ya mtu anayeomba maji ya kufia.

"Anao diwani," Lopa alijibu.

"Na diwani?"

"Harusini, mji wa Puri."

"Mungu wangu! Hakuna kingine?"

"Kipo, Profesa. Cha Mama Mdogo Kuni, pale kwenye kona. Kiko wazi, na maji yapo."

"Kile hapana!" Pattanaik alifoka. "Mtahini wa nje aende kwenye choo kinachobomolewa? Watu watasemaje?"

Walipokuwa wakibishana, mambo yalimzidi Mishra. Alijikokota nyuma ya kile choo cha kijani, akachutama kwenye vifusi kama watoto wa mtaa. Wanawake waliokuwa wakipita na ndoo waligeuza nyuso zao ukutani na kucheka ndani ya ushungi. Lopa alimletea maji. Moyoni alikuwa anashangilia. Sasa ana shahidi, tena shahidi aliyeshuhudia kwa tumbo lake mwenyewe.

Waliporudi ukumbini alizima picha zake, akamgeukia Mishra, akasema wazi. "Waheshimiwa, matokeo haya ni ya uongo. Hojaji tulizijaza wenyewe bwenini. Vyoo vile vimefungwa, mtahini amejionea. Watu wanatumia choo cha zamani na hawana kingine. Naomba tasnifu hii isipitishwe."

Mama yake alishika kifua. Jena, aliyekuja kuisubiri tasnifu ipite, aliinua macho kwenye simu yake.

Mishra akakohoa. Uso wake ulikuwa bado umepauka. Alitazama sufuria, akamtazama Pattanaik, akautazama na mwezi ujao. Kisha akatabasamu.

"Vizuri sana," alisema. "Siku hizi ni nadra kumpata mtafiti mwenye unyenyekevu. Umeeleza mipaka ya utafiti wako kwa ujasiri. Weka aya moja mwishoni, kwamba suala la kufuli linahitaji uchunguzi zaidi. Napendekeza apewe shahada."

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Lopa alisimama kama aliyemwagiwa maji ya barafu. Alikuwa amewaambia ni waongo, nao wamempigia makofi. Watu gani hawa, usioweza hata kuwatukana wakaelewa? Jena alikuwa tayari anampigia mkandarasi: "Jumatatu leta mashine. Ndiyo, imepita, imepita!"

Mama alimvisha Mishra shali. Mpiga picha akasogea. Ikabaki sehemu ya mwisho, ile isiyoandikwa kwenye kanuni wala kusahauliwa na yeyote: mwanafunzi huinama akagusa miguu ya walimu wake, wakamwekea mkono kichwani, ndipo kalamu inapotolewa na ripoti kutiwa sahihi. Mishra alisogeza mguu mbele. Pattanaik naye akasogeza wake.

Lopa akabaki wima.

"Lopa," mama alimnong'oneza. "Inama, mwanangu."

Hakuinama. Makofi yakafifia. Mtu nyuma akaguna. Mishra aliurudisha mguu taratibu, na damu iliyokuwa imemhama usoni ikarudi yote kwa mpigo.

"Pattanaik, huyu ndiye uliyemlea? Mwalimu wake amesimama mbele yake naye ananikodolea macho?"

"Amechoka, Profesa, hajala tangu asubuhi..."

"Hana adabu! Asiyejua kumheshimu mwalimu ataitwaje daktari?" Alichomeka kalamu mfukoni. "Arudi mwakani. Aandike upya."

Hapo ndipo Lopa alipoelewa ameshika nini. Uongo wa mtaa mzima waliumeza bila hata maji, lakini mgongo wake ulionyooka umewakwama kooni.

Jena aliruka kitini. "Mwakani? Profesa, Machi inaisha wiki hii!"

Pattanaik alimvuta Lopa pembeni. Kwa mara ya kwanza katika miaka yote hiyo alimsihi. "Binti yangu, inama tu kidogo. Gusa hata kiatu. Kile chuo cha wasichana nitawapigia simu mimi mwenyewe, leo hii hii. Unataka nini tena?"

Lopa alimtazama mama yake, anayelia ndani ya sari ya harusini. Hilo lilimchoma, tena lilimchoma kwelikweli. Kisha akamtazama profesa.

"Nisamehe, Profesa," alisema. "Mgongo unaniuma."

Jioni alikwenda Kumbharasahi. Hakuwa na pa kwenda, nyumbani mama alikuwa amejifungia chumbani. Wanawake walikuwa kwenye foleni mbele ya choo cha matofali, na Mama Mdogo Kuni alikuwa anajaza ndoo bombani.

"Wewe si yule wa maswali?" mmoja alimdaka. "Umepata huo udaktari wako?"

"Nimekosa."

"Kwa kuuliza mambo ya chooni! Ningekuwa mwalimu wako hata mimi ningekunyima." Wote wakacheka. "Haya, basi andika na hili. Leo maji yanatoka kidogo."

"Siandiki tena, wifi."

"Kama huandiki unafanya nini hapa?" Mama Mdogo Kuni alisema bila kugeuka. "Panga foleni."

Lopa akapanga foleni.