Pipa na Mfuniko

Mjukuu wangu ni mchora mabango. Zahanati ilimpa ukuta mzima achore jambo moja tu: jinsi damu na malezi vinavyomuumba mtu. Kwanza akachora mbegu imelala udongoni. Wanaume waliokuwa kwenye benchi walipoambiwa ile ni mbegu, wakacheka mpaka wake zao wakaona haya. Muuguzi mkuu akaamuru ifutwe. Akachora mfinyanzi na chungu chenye tumbo. Mjamzito mmoja akauliza kama anasemwa yeye. Nacho kikafutwa. Akaonywa kwamba picha ya tatu ikiharibika, ukuta atapewa mchoraji mwingine.

Akaja kwangu kanuna. Akanikuta na pacha wangu, aliyekuja kuomba chumvi.

Sisi ni tumbo moja, sura moja. Mama alipotutoka, mimi nililelewa na bibi, ambaye sufuria yake haikujua kupoa. Mwenzangu alikwenda kwa shangazi, ambako hata kicheko kilipimwa kwa kijiko. Leo mimi napita mlangoni kiubavu. Yeye akikaa kiubavu humuoni. Mtaani tunaitwa Pipa na Mfuniko.

"Nyinyi ndio picha yangu," akasema mjukuu.

Pacha wangu akagoma. Hawezi, alisema, kubandikwa ukutani kama mwizi anayetafutwa.

"Sawa, mdogo wangu," nikamwambia. "Atakuchora kwa kukumbuka. Na mimi ndiye nitakayemkumbusha."

Pacha wangu akavuta kigoda, akakaa achorwe.

Tukachorwa: yeye kushoto, mimi kulia, pua moja, masikio yale yale, kila mmoja na sufuria yake. Muuguzi mkuu akaridhika. Wiki haikuisha, foleni ikafika barabarani. Kumbe watu wameisoma picha kama tangazo: kushoto kabla ya dawa, kulia baada ya dawa. Kina mama wanaitaka dawa ya yule bibi mnene.

Muuguzi akaja na ndoo ya chokaa. Lakini akaona wale waliokuwa wakimkimbia mwaka mzima wamejileta wenyewe, na wanapoisubiri dawa watoto wao wanapimwa uzito na kuchanjwa. Akaitua ndoo.

"Iache," akamwambia mjukuu wangu. "Ila andika chini kwamba hawa ni mapacha."

Akaandika. Kesho yake mama mmoja akamsimamisha pacha wangu getini, akamuuliza kama dawa hiyo inaleta na mapacha.

"Inaleta," akajibu, uso mkavu. "Lakini anashiba mmoja."