Bibi kwa Kasi ya Mbili

Jana usiku niliota nimo ndani ya ujumbe wa sauti wa bibi yangu wa Korogwe. Mlikuwa na joto na harufu ya mafuta ya taa. Si ajabu, maana bibi hurekodi akiwa jikoni.

Lazima nieleze anavyorekodi. Anauliza, "Salha, hujambo?" kisha ananyamaza ili nijibu. Anauliza habari za shule, ananyamaza tena. Tumeshamwambia sana kwamba wakati anarekodi hakuna mtu upande wa pili, lakini anaona ni utovu wa adabu kuuliza bila kungoja. Ujumbe wake haumaliziki. Mimi humsikiliza kwa kasi ya mbili, na nikifika katikati namwacha hapo hapo.

Basi humo ndotoni bibi anapita mbele yangu mbio. Kanga imelegea, mwiko mkononi, anazunguka jiko huku anahema.

"Shikamoo bibi. Pumzika kidogo."

"Marahaba. Siwezi, mjukuu wangu, umeniweka mbili."

Simu yangu imekaa kwenye mbuzi, inakuna nazi. Nikaiomba impunguzie bibi mwendo. Ikasema hilo hufanyika mwisho wa ujumbe tu, na mwisho wa ujumbe hajafika mtu. Ikaendelea na nazi yake. Niliona aibu, nikaondoka kwenda kuutafuta huo mwisho.

Jiko linageuka ukumbi. Video zangu zimepanga foleni, kila moja inaomba nafasi kidogo tu. Kijana mmoja anacheza huku amenishika mkono. Nikamwambia kuna mtu ananisubiri. Akasema wote husema hivyo, kisha wanabaki. Na kweli nikabaki, nikatazama paka, nikatazama kucha za mtu nisiyemjua. Ndipo nikamsikia bibi akikohoa huko nyuma, nikachomoka.

Mwisho wa ujumbe ni uwani. Hakuna kitufe. Pana kimya tu, kikubwa kama chumba, na bibi amesimama kando yake, bado anahema.

"Likizo hii utakuja?" anauliza, kisha ananyamaza.

Sikujua kama amewahi kuniuliza hilo. Roho iliniuma.

"Nitakuja, bibi."

Akakaa chini taratibu, akavuta pumzi kama watu wengine.

Asubuhi mama aliniamsha, simu yake mkononi, akataka kujua nimempigia bibi saa ngapi. Nikasema sijampigia.

"Sasa mbona anasema ameshaanika godoro lako?"