Simtaji Jina

Demetria alikuwa na cheti cha maadili ukutani, tena kwenye fremu, na alikitundika mahali ambapo mteja akiketi hawezi kukikwepa. Kila mteja mpya alimwambia maneno yale yale: "Utakalosema humu linabaki humu." Aliyasema kwa sauti ya chini, mkono kifuani, na mwenyewe akiguswa kidogo kila mara. Miaka kumi na moja alikuwa mshauri nasaha hapo Kinondoni, ghorofa ya kwanza juu ya duka la dawa, na hakuna aliyewahi kusema Demetria katoa siri. Sababu yake, kama angetaka kuwa mkweli, ni kwamba siri alizitoa kwa ustadi.

Hakuwa mmbeya, Mungu apishe mbali. Mmbeya hutaja majina. Yeye alikuwa akialikwa kwenye kicheni pati kumfunda mwali, na mfundaji wa siku hizi asiye na mifano hai haalikwi mara ya pili. Kwa hiyo alichukua kisa cha mteja, akambadilisha jina, akamhamisha mtaa, akampa kazi nyingine na dini nyingine, kisha akaanza: "Kuna mama mmoja, simtaji jina..." Hapo ukumbi mzima huvuta viti mbele. Uhamisho huo wa watu, moyoni mwake, aliuita kulinda utu wa mteja.

Mwaka huo alikuwa na mteja aliyeitwa Bi Mahfudha, mwanamke wa miaka hamsini na nne, wa ukoo wa Kiarabu, mwenye duka la vitambaa kule Temeke alilorithi kwa babu yake. Bi Mahfudha na mumewe, Sultan, walikuwa na miezi kumi na minne hawasemezani. Waliongea kupitia paka. "Paka, mwambie baba yako chai iko mezani." Naye Sultan, bila kunyanyua macho: "Paka, mwambie mama yako chai haina tangawizi." Siku Bi Mahfudha alipoyaeleza hayo alilia mpaka mtandio ukalowa, maana katika nyumba ile, alisema, anayeitwa kwa upole ni paka peke yake. Ilichukua miezi mitatu kumshawishi Sultan aje kwa mshauri. Mwishowe akakubali: Alhamisi, saa nne asubuhi, wote wawili.

Jumamosi kabla ya Alhamisi hiyo Demetria alikuwa Kawe, kwenye kicheni pati ya Loveness. Mama yake Loveness, Bupe, ni mtu wa Tukuyu na mke wa mzee wa kanisa. Shangazi walikuwa wameshuka na basi kutoka Mbeya, na kwaya ya akina mama ilijaza meza nne. Demetria aliposhika kipaza sauti alitupa jicho, akaona Wanyakyusa, Wachaga na Wahaya wenzake, akajiambia hapa salama. Temeke na Kawe wapi na wapi, na duka la Mwarabu na kwaya wapi na wapi. Mwezi uleule alikuwa ameendesha semina ya siku mbili kuwafundisha washauri wachanga kwamba mtu hadhaniwi kwa dini yake wala asili yake. Mganga hajigangi.

"Kuna mama mmoja, simtaji jina," akaanza. "Yuko Ubungo, anauza vyombo, mlokole safi." Alibadilisha kila kitu isipokuwa paka. Paka alimwacha kwa sababu bila paka hakuna kicheko, na Demetria alipenda kuchekewa kuliko alivyowahi kukiri kwenye semina yoyote. Akaigiza sauti ya mke, ya puani. Akaigiza ya mume. Akamwigiza na paka, anavyogeuza shingo huku na huku hajui amtii nani. Vigelegele vikapigwa, mtu akajipiga mapaja.

Siku za mwizi ni arobaini. Kwenye meza ya tatu, kavaa sare ileile ya shangazi za mwali, alikuwa amekaa Bi Mahfudha. Hakuwa anacheka. Pembeni yake, Eufrazia, fundi cherehani aliyepanga kibarazani pa duka lake, alikuwa anafuta machozi ya kicheko. Halafu Eufrazia akaacha kufuta, akamgeukia.

"Dada, mbona kama kwenu?" akauliza, na sauti yake ilifika meza tatu. "Si nyie mnamtumaga paka?"

Vichwa vikaanza kugeuka. Demetria akafuata macho yao, akamwona Bi Mahfudha. Mdomo uliomponza ukafunguka wenyewe.

"Mnacheka," akasema, "lakini mama huyo nimewadanganya, haishi Ubungo. Mama huyo ni mimi. Mimi na baba Brightson."

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Baba Brightson, yaani mumewe Cyprian, ni mwalimu mstaafu, mpole, asiyejua kununa hata siku ya kuunguziwa mboga. Kabla ya magharibi dada yake alikuwa amempigia kutoka Bukoba kumpa pole.

"Tangu lini tuna paka?" akamuuliza mkewe.

Demetria hakuweza kumjibu, maana kueleza kwa nini alisema uongo ni kutoa siri. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja aliitunza siri ya mteja kama cheti kinavyotaka, na ikamnyima usingizi. Lakini ilipofika Jumapili alikuwa ameshaanza kujiona shujaa. Jumatano alijikuta mbele ya kioo akijizoeza namna ya kupokea shukrani kwa unyenyekevu.

Alhamisi saa nne Bi Mahfudha aliingia peke yake.

"Shikamoo, Bi Mahfudha."

"Marahaba."

"Mzee hakuja?"

"Yuko chini, kwenye gari. Nimemwandikia kwenye simu asubiri, nitazame kwanza."

"Bila shaka uliona Jumamosi," Demetria akasema, akiinamisha kichwa kama alivyojizoeza, "nilivyoamua kujibebesha aibu hiyo."

"Niliona. Eufrazia kaamini, mtaani hakuna anayenisema. Kwa hilo ahsante." Bi Mahfudha aliweka mkoba magotini. "Lakini mie nilikuwa nimeshakaa pale kabla hujaniona, mdogo wangu. Nilikusikia unavyoniiga. Mie siongeagi puani."

Demetria akainua kichwa.

"Uliponiona ndo ukaona haya. Nisingekuwepo ungemaliza, ungepigiwa vigelegele, na leo ungeniambia nitakalosema humu linabaki humu. Na Sultan ungemwambia hivyohivyo. Kwani ulijuaje sitakuwepo?"

"Nilidhani..."

"Loveness nimembeba mgongoni. Mamaake kaishi chumba changu cha uani miaka sita. Ulidhani nini?"

Jibu alikuwa nalo. "Nilidhani mtu kama wewe haji kwenye shughuli za watu kama sisi," akasema. Aliona aibu ya kweli, isiyo na mtazamaji wa kuifurahisha. "Nimekukosea. Hata usingekuwepo ningekuwa nimekukosea, kwa sababu nilifanya machozi yako kuwa kichekesho changu. Siwezi tena kuwa mshauri wenu, wala sistahili. Lakini msiache, mmefika mbali. Kuna mwenzangu yuko Msasani, anaitwa Najat, ni mtu makini. Nitampigia sasa hivi nimweleze hali yenu ilivyo..."

Bi Mahfudha akanyanyua kiganja.

"Usimweleze kitu. Nipe namba. Habari yangu nitampa mwenyewe."

Demetria aliandika namba kwenye kikaratasi. Bi Mahfudha alikikunja, akakitia mkobani, akaaga kwa heshima zote kama mtu anayetoka kwenye nyumba ya msiba, akashuka ngazi polepole.

Chini mlango wa gari ulifunguliwa, ukafungwa. Gari halikuwashwa. Demetria akanyanyuka. Alitaka kuona tu kama mle ndani wanasemezana, mke na mume, ana kwa ana, kwa mara ya kwanza baada ya miezi kumi na minne. Alifika dirishani, akashika pazia. Kisha akaliachia, akarudi kukaa, akakaa hivyohivyo mpaka aliposikia gari likiondoka.