Mgeni wa Chumba cha Charline

Charline alikuwa na miaka ishirini na minne na hajawahi kulala peke yake. Kwa baba yake mdogo pale Katindo walilala wasichana watano kwenye magodoro mawili, na mémoire, ile kazi ya kumalizia chuo, haiandikwi katikati ya viwiko vya watu. Ndiyo maana alipokubaliana na Kakule, fundi wa pikipiki, na Umutesi, mshonaji, wapange pamoja nyumba ya mbao mtaa wa Mabanga, hakuuliza habari ya maji wala choo. Aliuliza kama chumba chake kina mlango unaofungwa. Siku ya kuhamia aliufunga na kuufungua mara nne, Kakule akamcheka.

Mlango huo aliufaidi siku kumi na moja.

Vita vilikuwa vimewaka tena upande wa Rutshuru. Mchana mmoja Charline alirudi kutoka chuoni akakuta mama mzee amesimama mlangoni na mkeka na sufuria, Umutesi akimsalimia kwa Kinyarwanda. Akajua: shangazi yake Umutesi. Akampokea mzigo. "Karibu mama, usisimame inje." Na kwa kuwa mzee halazwi chini, akamwachia chumba chake kwa usiku mmoja. Umutesi, kumwona Charline akipokea mzigo, naye akajua lake: mgeni ni wa Charline. Kakule aliporudi alimkuta mama anachambua maharage, akasalimia, akala.

Kumuuliza mgeni "wewe ni wa nani" ni kumfukuza, na wote watatu walikuwa wamelelewa vizuri, balaa gani! Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu alipitisha wiki tatu na kujitwalia nyumba nzima. Alihamisha jiko. Alimfokea Kakule kwa viatu vyake vya mafuta. Alimwambia Umutesi kwamba cherehani yake inapiga kelele. Charline aliandikia sebuleni, daftari juu ya magoti, akimlaani Umutesi kimoyomoyo: mtu gani huyu analeta jamaa yake, hata asante ya chumba hasemi?

Halafu Jumanne alitoka kuteka maji akakuta makaa ya jiko yameshika moto vizuri ajabu. Mama alikuwa ameyawasha kwa kurasa za mémoire, zile zenyewe zenye masahihisho ya profesa, aliyezitaka Ijumaa.

"Zilikuwa na wino mwekundu kila mahali," mama alisema. "Nilizania ni za kutupa."

Charline alishindwa hata kulia. Alikuwa anamfuata Umutesi amwambie yote ya wiki tatu, ndipo hodi ikapigwa. Alikuwa Papa Télesphore, chef wa nyumba kumi, na daftari lake. Siku hizo alipita kila nyumba kuandika wageni, na mgeni asiye na mwenyeji alipelekwa kwa askari akajieleze huko.

"Huyu mama ni wa nani?"

Charline akamtazama Umutesi. Umutesi akamtazama Kakule. Kakule akamtazama Charline. Mungu wangu, hakuwa wa mtu!

"Miye niliomba maji tu," mama alisema. "Huyu mutoto akanipokea muzigo." Akaanza kukunja mkeka wake.

Umutesi akainamia cherehani yake. Mwezi ule, msemaji wa Kinyarwanda, aliyeshukiwa kwa ajili ya vita, hakujitafutia maneno mbele ya daftari la chef. Kakule akatazama viatu vyake.

Neno moja tu lilitosha, "hatumujue", na chumba kingerudi leo leo, na usiku tatu za kuandika kabla ya Ijumaa. Charline alilitamani neno hilo, tusidanganyane. Lilikuwa limefika kwenye ulimi.

"Ni wangu, papa," alisema kwa hasira, kana kwamba amechokozwa. "Mama mukubwa."

"Weye mutu wa Butembo, na huyu anatoka vita ya Rutshuru?"

"Aliolewa Rutshuru. Batu habaolewake?"

"Jina lake?"

Wiki tatu zote, na Charline hakulijua jina.

"Donatille," mama alijibu, mkeka bado mkononi. "Mutoto ananiita mama tu. Ni heshima."

Télesphore aliandika bila haraka. "Analala wapi?"

Charline alitazama mlango wake, ule unaofungwa.

"Mule," alisema. "Ni chumba yake."