Hotuba Bila Jeneza

Kwaru, kwaru, kwaru. Kulikuwa bado giza, na kitu kilikuwa kinakwaruza chini ya meza. Nikadhani panya amefikia gunia. Nikawasha koroboi, kumbe ni Tony, mwanangu wa miaka tisa, anapukuchua hindi.

Nikamuuliza unga si tunao, anapukuchua ya nini alfajiri yote hii. Akaniambia punje hazitaki, yeye anataka gunzi. Ni maikrofoni.

Ilikuwa Jumamosi, miezi miwili tangu tumzike mume wangu, Javan, hapa Kosele. Yalikuwa mazishi makubwa. Jenereta iliunguruma tangu asubuhi, na kila mtu alipewa maikrofoni: watu wa kanisa, mafundi wenzake wa baiskeli, chifu, hata bwana mmoja wa Oyugis ambaye mpaka leo hatujui alikuwa nani. Ema wangu, ana miaka mitano, alijipanga kwenye laini nyuma ya watu wazima. Mvua ilikuwa inatishia, MC anaangalia saa. Mimi ndiye niliyemvuta mkono nikamwambia, "Kaa chini, nyamaza."

Alinyamaza. Mambo mengine anaongea, tena sana, lakini tangu siku ile neno "baba" halijatoka kinywani mwake. Ukimtaja tu, anainuka anakwenda nje. Nimelala na lile "nyamaza" langu miezi miwili.

Saa nne nikasikia kilio nyuma ya nyumba. Tony na Roselyn, mtoto wa jirani, walikuwa wamekata mgomba wakaulaza juu ya majani. Hilo ndilo jeneza. Roselyn analia kwa bidii, halafu anasimama kidogo kuuliza kama chai imefika. Mama mkwe wangu, Filister, akatoka jikoni kwake na mwiko mkononi.

"Nyar Migori," akaniita, maana huku mimi ni binti wa Migori hata nikizeeka, "watoto wako wanaita kifo kije tena. Waambie waache."

Sikumlaumu kwa kuogopa. Amezika mwana. Lakini nilikuwa nimeshamwona Ema. Alikuwa amesimama nyuma ya Roselyn, mikono mgongoni, kwenye laini, vilevile kama siku ile.

Nikamwomba mama tuelewane. Mgomba nitautoa mimi mwenyewe nimpe ng'ombe. Hakuna jeneza, hakuna kuchimba, hakuna kulia. Ni hotuba peke yake. Akafikiri, akavuta kigoda, akakaa.

"Hotuba tu," akasema. "Na zisipite saa sita. Wale wa siku ile walituua na njaa."

Tony akaanza. Alikuwa chifu, ameingiza mto ndani ya shati. Akaahidi maneno mawili tu, akasema kama mia mbili hivi, pamoja na habari za daraja. Mama mkwe alicheka mpaka akajifuta macho na leso. Roselyn akawa kwaya ya kanisa peke yake, akasahau wimbo katikati, akaurudia kutoka mwanzo bila haya.

Kisha Tony akatazama saa aliyojichora kwenye mkono kwa kalamu, akatangaza kwamba muda umekwisha na mvua inakuja. Jua lilikuwa linawaka. Nikaona mabega ya Ema yanashuka.

"MC," nikasema, "kuna mtu bado kwenye laini."

Tony akanitazama, akamtazama dada yake, akamletea gunzi. Ema akalishika kwa mikono miwili, akalisogeza mdomoni, akapuliza kwanza, fuu, fuu, kama wakubwa walivyopuliza. Hatukumharakisha. Mama mkwe alikuwa ameshika mwiko wake kifuani.

Ema akamwangalia dani, nyanya yake, kisha mimi.

"Baba alikuwa anaogopa jogoo," akasema.